Uzi wa Tatu wa Mukashema

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, nimekosea, ni 2023, maana 2022 Mukashema alikuwa bado anakanyaga cherehani ya zamani, na siku ninayoisimulia cherehani ya umeme ilikuwa imeshafika.

Mukashema ni fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Mumewe alifariki, yeye akabaki na cherehani, na kwa miaka thelathini hajaachia kifungo chenye nyuzi mbili. Lazima tatu, ndiyo kishike. Baba mkwe alimfundisha hivyo. Mimi natembeatembea tu mjini, miguu ikichoka nakaa kwenye benchi lake.

Akaja mwalimu wa chuo, Keith, kijana aliyekulia Uganda, na kitambaa cheupe na vifungo mia vya kushonwa juu yake. Wageni wake wa chuoni walitaka kuona jinsi elektroni zinavyokaa kwenye bamba jembamba, kwenye baridi kali, mbele ya sumaku kubwa. Kila kifungo ni elektroni, akasema. Kila uzi mwekundu ni kizingo, kama maji yanavyojizungusha yakiingia kwenye tundu la sinki. Elektroni inajifunga vizingo viwili, inakuwa kitu kipya kimoja, na kitu hicho kinatembea kama vile sumaku haipo.

"Nyuzi mbili mbili, mama. Usisahau."

"Nimesikia, mwalimu."

Alisikia kweli. Mkono wake ndio haukusikia. Vifungo vyote mia, nyuzi tatu tatu, na Keith akakichukua kitambaa bila kuhesabu.

Keshokutwa yake Keith akarudi mbio, akakitupa kitambaa juu ya cherehani.

"Mgeni amehesabu mbele ya watu wote, wamenicheka! Wewe hata mpaka mbili hujui kuhesabu?"

"Mwanangu, zingekuwa mbili, vifungo vingeng'oka."

"Elektroni haing'oki, mama!"

Kinyozi wa jirani akauliza kama elektroni nayo inavaa shati. Watu wakacheka, na Mukashema akainamisha kichwa. Hapo ndipo hasira iliponianza.

Keith akaenda moja kwa moja kumshtaki kwa Umulisa, mwenyekiti wa ushirika wa mafundi. Nikamfuata. Umulisa akachukua kalamu, akafuta jina la Mukashema kwenye orodha ya watakaoshona sare za shule. Hakumwita. Hakumwuliza. Na sare ndiyo kazi yake ya mwaka mzima! Mimi nisiyegombana hata na mbwa, nilimshika yule mwalimu shati.

"Elektroni ikijifunga vizingo vitatu inakuwa nini? Hakuna kitu kama hicho?"

Akajinasua. "Kipo, muzehe. Hiyo ni nadharia nyingine. Vikiwa vitatu tabia inabadilika, vitu hivyo vipya vyote vinaweza kuingia katika hali moja, kama umati unaotembea kwa hatua moja. Sumaku ikizidi nguvu, wataalamu wanaitumia hiyo."

"Kwa hiyo alichoshona kipo duniani?"

"Kipo. Ila sicho nilichoagiza."

"Na wageni uliwaambia kipo?"

Akamgeukia Umulisa.

"Muzehe, reka," akasema Umulisa, "wacha mambo ya ofisi."

Sikuwacha. Nilipiga meza, kikombe cha chai kikamwagika juu ya orodha yao, wakahangaika kuikausha. Jina hawakulirudisha. Mpaka leo Mukashema anabadilisha zipu za watu, wenzake wakikata sare.

Nimewauliza pale, nimewauliza tena barabarani kila nikikutana nao, wananisalimia vizuri na kupita: uzi mmoja uliozidi unafutaje miaka thelathini ya mtu?