Waya wa Makoroboi na Sauti ya Nne

Mtu aliyezeekea kwenye mashine ya kusaga hutambulika hata msibani. Wenzake wananong'ona, yeye anaongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Shimba wa Buswelu aliijua hali hiyo kwa karibu, maana mzee Maige, aliyemfundisha kazi, ndivyo alivyoishia. Zamani Maige aliweza kukaa nje ya kibanda cha mashine, amewapa mgongo wote, na kwa kusikiliza mlio tu akasema mahindi yanayosagwa yalianikwa vizuri au yamefichwa unyevu. Siku hizi alishinda barazani kwake akimtabasamia kila apitaye, na mtu akimuuliza njia ya kwenda zahanati anamjibu, "Marahaba." Watoto walicheka. Shimba hakuwahi kucheka.

Yeye alikuwa na mashine yake mwenyewe, ya umeme, na alikuwa ameisimamia kwa miaka mingi. Lakini ukimuuliza mtu wa Buswelu Shimba ni nani, hatakuambia habari za unga. Atakuambia ni sauti ya nne. Ukienda Kisumu au Kampala utasikia wanakwaya wakisema besi. Huku kanisani huwa wanahesabu. Ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu ni ya wanaume wenye sauti za juu, na ya nne ni kule chini kabisa, mahali ambapo wimbo unakanyaga ardhi. Jina lake kwa Kisukuma ni simba, kwa hiyo utani haukuwahi kuisha. Akichelewa kuingia kwenye ubeti, mtu wa nyuma atauliza kama simba ameshashiba.

Mwaka huu kwaya ya kigango ilirekodi nyimbo zake, na mwalimu wao, Odeta, dada mmoja mkali na mcheshi aliyesomea ualimu Butimba, akamgawia kila mwanakwaya flashi yake. Shimba alitaka kusikiliza kwa heshima, si kwenye simu. Sebuleni kwake kulikuwa na redio kubwa ya zamani yenye spika mbili za mbao, ila ilikuwa imekaa kimya tangu Krismasi, siku ambayo binti yao Justa aliwaletea makochi kutoka Geita. Makochi yalikuwa mapana kuliko mapenzi ya wenye nyumba. Spika moja ilibidi ihamie ukuta wa pili, karibu na mlango, na waya wake wa zamani haukufika huko.

Basi akashuka mjini, Makoroboi, akaingia kwenye ule mtaa ambao kila duka linapiga muziki wake na hakuna anayejua anasikiliza upi. Huko alimpata Otuoma, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Shirati, aliyeketi katikati ya nyaya zilizoning'inia kama utumbo buchani. Otuoma alimwamkia, akamuuliza waya ni wa nini na utatembea umbali gani, kisha akashusha mizunguko mitatu.

Wa kwanza ulikuwa mwembamba, mwekundu na mweusi. Otuoma mwenyewe aliudharau, akasema huo unafaa kufungia karanga. Wa pili ulikuwa mnene kama kidole, umo kwenye pakiti inayong'aa yenye picha ya gari. Huo, alieleza, wananunua vijana wa magari, wale ambao muziki wao unafika kabla yao. Wa tatu ulikuwa wa kati, ganda lake linaonyesha mpaka ndani, na bei yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

Shimba aliutazama ule mnene kwa tamaa kidogo.

"Mzee wangu, sebule yako ni ukumbi wa harusi?" Otuoma akamuuliza.

"Ni sebule tu."

"Basi huo mnene utakaa unashangaa. Chukua huu wa kati. Ila usiniamini mimi, kwangua."

Shimba akatoa kisu chake. Alishasikia kuwa kuna nyaya zinazopakwa rangi ya shaba juu, ukizikwangua ndani ni nyeupe kama sufuria. Akakwangua, akakwangua tena. Wekundu ulibaki ule ule mpaka ndani. Wakati anakata kipande, Otuoma alimweleza kwamba waya una pande mbili zinazofanana, ila upande mmoja una mstari. Mstari uende kwenye kibanio chekundu, kwenye redio na kwenye spika pia. Shimba akaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia maelezo ya kitu wanachodhani wanakijua. Alisema yeye anafunga mota zenye umeme wa kuua fahali, waya wa redio hauwezi kumpiga chenga.

Nyumbani aliupitisha waya chini ya zulia, nyuma ya makochi, akauchomoza upande wa pili. Kwenye redio aliuona mstari vizuri, akauweka kwenye chekundu. Kwenye spika ya mlangoni kulikuwa na giza la kochi. Akaona kitu kirefu kilichochapwa kwenye ganda, akakiweka kwenye chekundu, akapangusa mikono na kuwasha.

Sauti ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ikaifuata, ya tatu ikapanda juu yao. Chini yake hapakuwa na kitu. Shimba alingoja, akadhani labda ni ubeti wa wanawake. Ukaja ule wimbo ambao unaanza na sauti ya nne peke yake, yaani yeye mwenyewe, na alichosikia kilikuwa kama mtu anayeimba ndani ya debe, kijiji cha pili. Akaongeza sauti. Akaongeza tena.

Paskazia, mkewe, akamuuliza kutoka jikoni kama anataka mtaa mzima uhamie hapo. Shimba akamwita aje asikilize, akamuuliza inasikikaje. Paskazia alisimama na mwiko mkononi, akasema inasikika vizuri, maneno yote anayasikia, hata pale Odeta anapokohoa.

"Na mimi, unanisikia?"

"Si umesimama hapa?"

Shimba alizima redio, akakaa kwenye kochi la Justa, na hofu aliyokuwa ameikwepa kwa miaka ikaja kukaa pembeni yake. Kama Paskazia anasikia kila kitu na yeye hasikii, basi mashine imeshaanza kuchukua chake. Imeanzia chini, kule anakoimba.

Ushahidi ukaanza kujileta wenyewe. Wiki chache nyuma, Ng'washi, anayesimama naye bega kwa bega kwenye sauti ya nne, alimwambia kwamba Jumapili baada ya misa kuna kula. Shimba akaacha kunywa chai nyumbani makusudi, akaenda na tumbo tupu, na alichokikuta ni sanduku na karatasi. Ilikuwa ni kura ya kuchagua viongozi wa kwaya. Siku ile alicheka kuliko wote. Sasa aliiona kwa jicho lingine. Alikumbuka pia mama aliyemwomba amsagie dona naye akamkobolea, na wateja wanaorudia maneno mara mbili, jambo ambalo siku zote alidhani ni kwa sababu ya mashine.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kuvuka daraja kwenda upande wa Busisi, kwenye tamasha la kwaya za vigango, na ule wimbo unaoanza na sauti yake ndio Odeta alioupanga uwe wa kwanza. Mtu asiyesikia sauti za chini angeuanzaje? Angeanza pembeni ya wimbo mbele ya watu wote, akitabasamu kama Maige. Akampigia Odeta simu, akamwambia Jumamosi baada ya mazoezi ana neno.

"Baba, ni neno zuri au baya?"

"Ni neno tu," Shimba akajibu. Alikuwa ameamua kukaa pembeni kabla hajakalishwa.

Lakini binadamu haachi hivi hivi kitu anachokipenda. Kabla ya Jumamosi alirudi Makoroboi na tumaini moja la ajabu, kwamba alitapeliwa. Alimwomba Mungu waya uwe mbovu. Akamwambia Otuoma amkatie ule mnene wenye picha ya gari, kwa sababu huu wa kati hauna besi.

Mfanyabiashara mwingine angeshukuru na kufungua pakiti. Otuoma aliteremsha mzunguko ule ule wa juzi, akakata kipande, akakikwangua mbele yake mpaka pakabaki shaba tupu.

"Mzee wangu, nikikuuzia ule nitakula hela yako bure. Huu kwa sebule hauwezi kumeza besi. Labda redio imechoka." Akacheka. "Au masikio."

Shimba naye akacheka, kwa adabu. Hakuwahi kutoka dukani akiwa na huzuni kiasi kile kwa sababu tu hakuibiwa.

Jumamosi asubuhi hakufungua mashine. Aliweka ile flashi, akakaa kochini akitafuta maneno ya kumwambia Odeta, huku kwaya ikiimba wembamba wake. Paskazia alikuwa anafagia. Akavuta kochi, ufagio ukapita nyuma yake, ukakwama, naye akaupiga mtikiso kidogo kama mtu asiye na muda. Spika ya mlangoni ikafa.

Papo hapo, kutoka kwenye spika moja iliyobaki, sauti ya nne ikainuka kutoka sakafuni. Ilikuwa pana na nzito, ina ule mkwaruzo mdogo wa vumbi la unga ambao Shimba aliujua kuliko sura yake. Alisimama.

"Umefanya nini?"

"Nimefagia."

"Umegusa nini, Mama Justa?"

"Waya wako umechomoka, Baba Justa, utanisamehe. Mbona spika imekufa na wewe unatabasamu?"

Shimba alipiga magoti nyuma ya kochi, akarudisha waya. Spika mbili zikaimba na besi ikatoweka. Akauchomoa, spika ikawa moja na besi ikarudi. Akarudia tena na tena, na Paskazia akaweka ufagio chini, akiwa na wasiwasi wa aina nyingine sasa. Spika moja ina kitu ambacho spika mbili hazina. Jambo kama hilo haliwezi kuwa la masikio. Masikio yake yalikuwa yale yale, yamekaa hapo hapo, na yalikuwa yanasikia.

Ndipo mota ya mashine ilipomjia kichwani. Kila mafundi wa umeme wakitengeneza laini ya mtaa, kuna siku mota inaamka ikizunguka kinyumenyume. Ina nguvu zake zote na inanguruma vilevile, ila kusaga haisagi inavyotakiwa. Hakuna msagaji anayenunua mota mpya kwa ajili hiyo. Unazima, unabadilisha nafasi za nyaya mbili, kazi inaendelea. Sasa hapa sebuleni kulikuwa na spika mbili, na moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta. Sauti nyembamba ziliweza kuponyoka, lakini zile za chini zilikuwa zinafutana zikikutana katikati ya chumba, palepale alipokuwa anakaa.

Alivaa miwani, akaomba tochi ya simu. Kile alichokichukulia kuwa mstari yalikuwa maandishi ya kiwandani, madogo, yamejipanga marefu. Mstari wenyewe ulikuwa upande wa pili, umefifia, unamngoja. Akabadilisha.

Vikombe vya kabatini vilianza kutetemeka. Sauti ya nne ilijaa sebule mpaka chini ya makochi ya Justa, na Shimba akakaa palepale sakafuni, miguu mbele, kama mtu aliyetua mzigo wa kutwa.

"Kumbe hiki ndicho ulikuwa unakitafuta?" Paskazia akasema. "Mimi nikisikia hivi huwa nadhani ni lori."

Hapo ndipo alipomweleza yote, habari za Maige, za tamasha na za neno la Odeta. Paskazia alimsikiliza bila kumkatiza, jambo la nadra. Kisha akaketi kwenye mkono wa kochi, karibu na kichwa chake.

"Wewe, Baba Justa? Wewe unasikia mfuniko wa sufuria ukifunguliwa huku ukiwa mashineni kule. Ungeniuliza."

Alikuwa anacheka, lakini mkono aliouweka begani mwa mumewe ulikaa hapo mpaka wimbo ukaisha.

Mazoezini jioni, kabla Odeta hajamkumbusha, Shimba alimwita Ng'washi. Ng'washi alikulia na ng'ombe upande wa Misungwi, na Kiswahili chake kilikuwa hakijawahi kukutana na herufi R.

"Siku ile uliniambia Jumapili kuna nini?"

"Kula."

"Kula ya tumboni au ya sandukuni?"

"Ya sandukuni," Ng'washi akajibu, akishangaa ugumu uko wapi. "Kula. Ya kuchagua viongozi."

Odeta aligeukia ubao ili asionekane akicheka. Wengine hawakujificha. Shimba alicheka kule chini kabisa, na madawati yakaitikia. Alikuwa amesikia neno lile vilevile lilivyosemwa.

"Baba, ulisema una neno," Odeta akasema baada ya kupata pumzi.

"Nilikuwa nalo. Nililifunga kinyume. Tuanze."

Akauanza ule wimbo, na hakuna aliyehitaji kumpa noti mara ya pili.

Jumatatu alionekana tena Makoroboi. Otuoma alipomwona alianza kuteremsha ule waya mnene, akidhani mzee ameshindwa vita. Shimba akamwambia waya wa kati umetulia, unaimba, na kwamba safari hii anatafuta vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa kuvunja mawe. Otuoma hakuwa navyo. Akamwelekeza duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa nyuma.

Sasa anavivaa kila mashine inaponguruma, vya rangi ya chungwa, vikubwa kama nusu mbili za chungwa lenyewe. Alimpelekea Maige avione, na mzee akavigusa kwa muda mrefu, kisha akamrudishia mwenyewe kichwani, akavikaza vizuri. Wateja huinua kidole kumwonyesha kiasi, naye huinua kifuniko kimoja kuwasikiliza. Wengi wanaona ni maringo. Ng'washi alipokuja na mahindi yake mara ya kwanza, alimzunguka, akamchungulia kila upande, akauliza kwa wivu wa wazi ni nyimbo gani zinapigwa humo ndani, na kama na yeye anaweza kupata ledio kama hiyo.

Shimba aliisikia ile L vizuri sana, hata kupitia vifuniko.