Povu Lililovuka Kizingiti

Kavugho hakumwamini mtu, na alikuwa na sababu zake. Alitoka Butembo miaka sita iliyopita na mtoto mmoja, Tresor, na sufuria mbili, na njiani alijifunza kwamba anayekuchekea sana ameshauona mfuko wako. Hapa Kampala, chini ya kilima cha Kibuli, alihesabu nguo zake zikiwa kwenye kamba, na akishazianua alizihesabu tena.

Kazi yake ilikuwa kupika pombe ya mtama. Hippolyte, Mkongo mwenzake mwenye baa Kabalagala, alichukua yote aliyopika. Taabu ilikuwa mahali pa kupikia. Wenye nyumba wengi walisikia neno pombe wakafunga mlango. Hajji Faruk peke yake ndiye aliyekubali, kwa namna ya mtu anayejua na asiyejua. Siku ya kumpa ufunguo alimwambia, "Vitu ya ndani ya pipa yako mimi siulizi. Lakini tone moja ikivuka mlango, siku hiyo hiyo unatoka."

Kwao Butembo mama yake alichachusha pombe katika hori la mbao lililo wazi, likiwa limefunikwa majani ya mgomba tu. Povu lilipanda lilivyotaka na kushuka lilipochoka. Hapa Kavugho aliogopa harufu, kwa hiyo alitumia pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Katika kifuniko alitoboa tundu, akapitisha kimpira chembamba kama kile cha dripu ya hospitali, na ncha yake akaizamisha kwenye chupa ya maji ili hewa itoke. Kisha akalijaza pipa mpaka pomoni, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba chombo cha pombe kisichojaa kinakaribisha njaa.

Pipa lilikaa kwenye stoo ndogo, mlango wake una komeo bila kufuli. Ng'ambo ya ujia, mlango kwa mlango, aliishi Aminah, Mnubi mjane, msuka vikapu, mtu wa swala tano na maneno matano kwa siku. Watu walimwita Mama Sumayiya. Kavugho alimwangalia kwa jicho la pembeni tangu mwanzo, maana mtu asiyesema, nani ajue anawaza nini?

Mkasa ulianza aliporudi siku moja kutoka Nakivubo kununua mtama. Alikuta kifuniko kimekaa upande, kimpira kimegeuzwa, na pombe imepungua shibiri nzima. Sakafu nayo ilikuwa inang'aa kuliko alivyoiacha. Mwizi gani huyu anayepiga deki? Kisha akawaza jambo baya zaidi. Kwao watu huuana kwa sumu kwenye kikombe, tena kwa kuoneana kijicho tu. Je, kama mtu ametia kitu humo, na mteja wa Hippolyte akaanguka? Akaimwaga pombe yote chooni huku akilia kwa hasira.

Pipa la pili likafanyiwa vilevile. Safari hii, kwenye ukingo wa kifuniko palinasa uzi wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau. Kavugho aliutazama kwa muda mrefu. Katika nyumba ile nani mwingine alikuwa na ukindu wa zambarau? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na aliona kama raha kidogo kuwa hakukosea.

La tatu akalifunga kama mfungwa. Alikatakata mpira wa gurudumu la baiskeli, akauzungushia pipa na kifuniko chake mara nane, akakaza kwa meno. Siku ya pili, Ijumaa, karibu na adhuhuri, akasikia kitu kinaguna stoo. Akafikiri ni mwizi anahangaika na mafundo. Hakwenda kutazama. Alikwenda kumwita shahidi, na shahidi aliyempata ni Hajji Faruk, kanzu nyeupe pe, akielekea msikitini.

"Hajji, kuya ujionee!" Alipaza sauti kwenye ujia ili kila mtu asikie. "Mama Sumayiya ni mwizi! Anaibaga pombe yangu, miye niko na alama!"

"Aminah? Aibe pombe?" Faruk aliuliza, akafungua komeo kwa mshangao.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na pipa tu, limevimba tumbo, na kimpira kimeziba kwa makapi ya mtama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kavugho akainama kutazama mafundo yake. Mpira wa baiskeli ukakatika kwa mlio. Kifuniko kiligonga dari, na povu la hudhurungi likaruka likamvaa Hajji kuanzia kifuani hadi viatuni, kisha likatambaa sakafuni, likavuka kizingiti, likaelekea mlango wa pili.

Aminah alikuwa ameshatoka. Alikuwa na beseni na matambara mawili. Tambara moja alilitandika mbele ya mlango wake, povu lisifikie mkeka wa kuswalia uliokuwa ndani. La pili alianza kulisukuma kutoka pembe ya kushoto, mahali sakafu ilipobonyea, bila kuangalia. Mtu hajui pembe hiyo siku ya kwanza. Uzi mwingine wa zambarau ulikuwa umenata kwenye kiganja cha Aminah. Kavugho alimtazama, kisha akapiga magoti kuokota kifuniko.

Faruk alikamua kanzu yake. "Aminah, niambie kweli. Hii kitu imeshawahi kukuja kwako?"

Aminah aliendelea kupangusa. "Leo imekuja kwako, Hajji. Mimi nimekuletea mashtaka siku gani?"

Faruk aliwatazama wote wawili, akapumua kwa nguvu. "Mara ya mwisho," akamwambia Kavugho, akaenda kutafuta kanzu nyingine.

Wiki ile Kavugho alinunua mpira mnene wa bomba la sinki, ambao hata gunzi la mahindi lingepita. Ncha yake akaizamisha kwenye ndoo ya maji, na pipa akalijaza theluthi mbili tu, njaa na ije ikitaka. Povu lilipanda, likapita mpirani, likafia ndoani. Hakuna tone lililotoka stoo.

Ndipo akachukua mche wa sabuni na taulo jipya, akabisha kwa jirani. Aminah alikuwa ameketi kitako akisuka.

"Mama Sumayiya, unisamehe. Miye sikujua ni weye ulikuwa unanipangusia."

Aminah aliitazama sabuni, hakuipokea.

"Povu nimepangusa mara tatu, Mama Tresor," akasema. "Ile neno uliita pale nje, watu wote wakasikia, sasa mimi nipanguse na nini?"