Tiketi Moja ya Wapalizi wa Dutwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mashine ndogo ya kuchapa tiketi, mwamvuli wa rangi kali na kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Msimamizi wa Mauzo, kijana mpole aliyetoka jijini, aliniketisha karibu na stendi ya Bariadi akaniagiza: "Mama, kila mtu ana ndoto yake. Wauzie mmoja mmoja." Nilikuwa nimetoka kuuza vitenge, na bahati nasibu sikuijua. Nikamwamini.

Wakala, kwa ninyi mnaoanza kazi hii leo, halipwi mshahara. Anakula kamisheni, yaani kijisehemu cha kila tiketi anayouza. Pale stendi abiria walikuwa na haraka zao, na kamisheni yangu haikutosha hata chai. Msimamizi akanihamishia sokoni Dutwa, msimu wa palizi ya pamba.

Huko ndiko nilikokutana na wapalizi, wanawake wanaopalilia mashamba yao kwa zamu, leo la huyu, kesho la yule. Kiongozi wao alikuwa Mama Ngolo, mtu wa maneno machache. Walikuja wote asubuhi, wakanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, wakabishania namba kwa kelele kama wanaopanga mahari, halafu wakataka tiketi moja. Niliudhika. Nikawaambia kila mmoja akate yake, nafasi ya kushinda itaongezeka.

Mama Ngolo alinitazama kama anayemtazama mtu asiyejua kushika jembe. "Ukicheza peke yako ukakosa, umekosa peke yako," alisema. "Ukipata peke yako, ndiyo mbaya zaidi."

Sikumwelewa mpaka waliposhinda. Haikuwa zawadi kubwa sana, ila ilitosha kununua ng'ombe na chenji ikabaki. Tiketi hukatwa kwa namba ya simu, na siku ile walitumia ya Mbuke, mjane kijana wa kundi lao, kwa kuwa simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Baada ya droo, yaani kuchezeshwa kwa namba za ushindi, redio ikatangaza: mshindi ni Mbuke wa Dutwa. Wenzake hawakutajwa.

Siku hiyohiyo shemeji zake walifika, wakisema mali ya mjane wa kaka yao ni mali ya ukoo. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana dawa ya mganga. Mbuke akaacha kwenda shambani. Alinijia akilia, akasema afadhali zawadi ipotee kuliko kuishi na jina la uchawi. Nilimwonea huruma, na niliogopa pia, maana alikuwa akiishi peke yake na watoto wadogo.

Nikampigia Meneja wa Kanda kumwomba arekebishe tangazo. Alinijibu kwa adabu kwamba mfumo unatambua namba moja, mshindi mmoja na picha ya mshindi mmoja.

Siku ya makabidhiano alikuja mwenyewe sokoni na mfano wa hundi uliochapwa kwenye ubao mpana. Watu walijaa, shemeji wakiwa mbele. Wapalizi walifika na majembe yao wakasimama kwa mstari, Mbuke katikati. Mjue kwamba shambani anayemaliza tuta lake mapema haondoki; hurudi kumsaidia aliye nyuma, wote wakatoka pamoja. Meneja akamwita Mbuke asogee mbele. Mbuke akapiga hatua, na mstari mzima ukapiga hatua. Akamwomba asogee peke yake. Mstari ukasogea tena, hadi majembe yakakaribia viatu vya Meneja.

"Sasa mshindi ni nani?" aliuliza.

"Ndiye huyu unayemwona," Mama Ngolo alisema, akionyesha mstari wote.

Kila mmoja akashika ubao. Mpiga picha ilibidi arudi nyuma hadi kwenye mafungu ya viazi ndipo wakaenea pichani. Shemeji waliliangalia kundi lile, wakaona halina pa kuanzia ugomvi, wakaondoka. Kesho yake Mbuke alikuwa shambani.

Baadaye nilifanya kazi Mwandoya chini ya wasimamizi wengine, na kila mmoja alikuja na wimbo uleule wa mteja mmoja mmoja. Sikubishana nao. Niliweka benchi refu mahali pa kiti.

Nilistaafu macho yaliposhindwa kusoma namba, nikarudi kuishi Dutwa. Nimeona tiketi nyingi zikiishia kuwashia moto, kwa hiyo nilikusudia kutocheza kabisa. Siku ya droo ya kwanza tangu nirudi, Mbuke alikuja kubisha hodi. Nikamwambia asijisumbue, hatutapata.

"Tunajua, mayu," alisema. "Lakini tumeshakuhesabu."

Nikavaa viatu, nikaenda kukosa pamoja nao.