Mzimu Mwenye Gambuti

Mdogo wangu Valerian ana miaka thelathini na sita, meno yote, na kibanda huko Majengo cha kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Mke hana. Mimi, dada yake Monica, nina cherehani mlango wa pili, kwa hiyo hakuna mteja aliyewahi kumkimbia nisimwone akikimbia. Na wamekimbia wengi, maana Valerian hawezi kukupa filamu bila kukuambia anavyoiona.

Zile filamu kubwa zinazojulikana dunia nzima hana habari nazo. Anasema zina wasemaji wa kutosha. Anachopenda ni vitu vya ajabu vilivyotengenezwa na watu wasiojulikana, mahali pasipojulikana: konokono mkubwa kama basi, jokofu linalokula wapangaji, daktari aliyejipachika kichwa cha mbuzi kisha akashangaa kuachwa na mchumba. Huzitazama mpaka yale majina madogo ya mwisho ambayo hata wenyewe hawajisomi, ndipo anatoa hukumu. Kipimo chake amekitoa jikoni kwa mama yetu, huko kijijini Kibosho. Filamu dhaifu ni "ya kumenyea ndizi", kwa sababu unaweza kumenya mkungu mzima usikose kitu. Ya wastani ni "ya kupigia pasi". Iliyo bora kabisa ni "ya kumwagikia maziwa", yaani umeyabandika mekoni ukayasahau. Kwa miaka tisa nimesikia za maziwa nne tu.

Siku moja mteja alitaka ile ya viumbe wa angani waliokuja kuiba maji ya dunia. Mtu wa watu ameshatoa flashi yake, Valerian akaishika asiichomeke.

"Wamesafiri miaka mia nne," akamwambia. "Wamefika. Badala ya kumtafuta mwenye maji, wanachoma mji! Mtu wa Chekereni mwenye jaruba moja la mpunga akitaka maji, anamwona kwanza msimamizi wa mfereji, anauliza zamu yake ni lini. Hawa wenye akili ya kuvuka nyota wameshindwa kuuliza zamu?"

Mteja akasema basi ampe ile ya wafu wanaofufuka.

"Hiyo huku kwetu haiwezekani. Makaburi yetu yako kihambani, humo humo kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua ishirini kutoka jikoni. Siku babu akifufuka hatakula ubongo wa mtu. Atauliza nani amesogeza mpaka, na hapo ndipo utakapokimbia kweli."

Kuhusu lile jokofu alisema lingehamia Majengo lingekufa njaa, maana umeme ukikatika Jumanne litamla nani? Aliyemheshimu ni mnyonya damu mmoja tu, yule asiyeingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Alisema huyo ana malezi, na kwamba tunao ndugu wanaopitiliza hadi jikoni na kufunua sufuria. Aliposema hivyo alinitazama mimi, na nikamjibu vilivyompasa.

Zita ndiye mteja pekee ambaye hakukimbia. Anauza vitenge sokoni, kwao ni Uru. Valerian alipomwambia kwamba filamu aliyoichagua ni ya kumenyea ndizi, yule binti akasema, "Nipe hiyo hiyo, ndizi za kumenya ninazo." Tangu siku ile mdogo wangu akaanza kuchana nywele. Wakapendana mwaka mzima, na kilichobaki kilikuwa kwenda Uru kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Primus, mkulima wa kahawa mwenye ng'ombe wawili, aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Valerian alikuwa akiahirisha. Kiumbe chenye macho saba hakimtishi, lakini baba wa msichana alimtisha.

Hapo ndipo akatokea Ezra. Huyu ni mpiga video wa harusi, na baada ya kupiga harusi mia mbili aliamua sasa atengeneze filamu ya kutisha. Aliitengeneza huko huko mlimani, akaiita Mzimu wa Kihamba, akaisambaza. Zita mwenyewe ndiye aliyeileta kwenye kibanda.

"Itazame, useme ukweli," akamwambia Valerian. Ukweli! Kumwomba Valerian ukweli ni kumwomba mbuzi ale majani.

Kwenye simu yake ana kundi la wateja, na huko hutoa hukumu zake kwa sauti. Jioni ile nilimsikia akirekodi, nami nikacheka mpaka uzi ukanikatikia. "Ndugu wateja," akasema, "mzimu huyu amevaa gambuti. Amekufa miaka hamsini iliyopita, gambuti ni mpya, bado zina kibandiko. Anatembea kama mtu aliyetumwa chumvi. Anakohoa. Mzimu mwenye kikohozi aende hospitali ya Mawenzi akapimwe, asisumbue walio hai. Filamu hii si ya kumenyea ndizi. Ndizi zenyewe zitakataa kumenywa mbele yake."

Sauti ile haikukaa kwenye kundi. Ilitoka kwa wateja ikaingia kwenye kundi la jumuiya ya kanisa, ikatoka kwenye jumuiya ikaingia kwenye kwaya ya huko Uru. Kesho yake asubuhi Zita alisimama mlangoni pa kibanda, hata salamu hakutoa.

"Valerian, yule mzimu ni baba yangu."

Niliondoa mguu kwenye pedali. Valerian alikuwa na soda mdomoni, akawa hajui aimeze au airudishe kwenye chupa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka umsifu bila kujua ni nani."

Akaketi kwenye kiti changu cha wateja akatueleza, sauti ikimkatika. Tangu mama yake afariki, baba yake alikuwa akizungumza na ng'ombe tu. Ezra alipoomba kihamba chake kwa ajili ya filamu, alikubali kwa kutikisa kichwa. Siku ya kazi mtu wa kuigiza mzimu hakutokea, na yule mzee, bila kuombwa, akajitanda shuka. Wiki tatu nzima alikula vizuri, akataniana na majirani, akamfanyia Zita mazoezi ya kutisha mlangoni. Sasa ameisikia ile sauti. Amerudi kukaa zizini peke yake, na amesema mtu mwenye sauti ile asikanyage kwake.

Nilimgeukia mdogo wangu nikamwambia mdomo huponza kichwa, na mengine ambayo siyaandiki. Sijawahi kumwona amenyauka vile.

Kwetu, ukimkosea mtu kiasi hicho, dawa yake ni isale. Ni jani la yale masale tunayoyapanda kwenye mipaka ya vihamba. Unalikata kwenu, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea amekwisha kusamehe, na kulikataa si jambo jepesi, hata kwa mtu mwenye hasira za Mzee Primus. Nilimtuma Valerian Kibosho siku ya Ijumaa akalikate kwa mama. Alilileta. Jumamosi tukapanda Uru, mimi na gauni langu la Pasaka, yeye na shati nililomshonea.

Tulipofika kwenye lango la Mzee Primus nikamwambia, "Haya, litoe." Akajipapasa mifuko. Lilikuwa limebaki Majengo, juu ya meza, kwa sababu wakati anaondoka mteja mmoja alimwambia kwamba yule konokono ni wa kweli, naye akaliweka hapo ili abishane kwa mikono miwili.

Nikaanza kumlaani kwa Kichagga. Yeye akanyoosha mkono kwenye ua wa masale wa pale langoni, akakwanyua jani, akalifunga fundo.

"Valerian! Hilo ni la nani?"

Hakuwahi kunijibu, mbwa amekwisha kubweka na mzee amekwisha kutoka. Alikuwa amevaa gambuti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ile sauti aliijua mara moja. Akakunja uso.

Valerian akampa jani kwa mikono miwili, kichwa chini. Mzee akaligeuza. Akaitazama ncha yake, akautazama ua.

"Ncha hii ilitafunwa na mbuzi wangu," akasema. "Hili ni la kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Umenitukana kwa mdomo wako, ukaja kuniomba radhi kwa jani langu."

Niliomba ardhi ipasuke. Nikajaribu kueleza habari za Kibosho na za konokono, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Mzee akainua mkono.

"Isale halitupwi. Ila kwa kuwa ni langu, nitauliza kwanza. Keti."

Tukaketi kwenye benchi la barazani. Zita alikuwa amesimama mlangoni na sinia lenye bakuli za mtori, supu yetu ya ndizi.

"Kila mtu hapa ameniambia nilitisha," mzee akasema. "Katekista, majirani, hata huyu binti yangu. Wewe ulikuwa unachekesha watu, au ndivyo ulivyoona?"

Nilimtazama Valerian kwa sala zote ninazozijua. Danganya! Neno moja tu, hata padri angekuelewa.

"Ndivyo nilivyoona, baba. Ulikuwa mzimu mbaya sana."

Zita akafumba macho.

"Lakini kuna kitu sikukisema," Valerian akaendelea. "Pale unapomfukuza yule msichana migombani, katikati ya mbio unasimama. Kuna mgomba umelemewa na mkungu, na mti wa kuutegemeza umeteleza. Unaurudisha, unaukandamiza kwa mguu, unaujaribu kama umeshika, ndipo unaendelea kumfukuza. Mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikarudisha nyuma mara sita kuutazama mkono wako ulivyoushika ule mgomba. Nilitaka kumjua mtu huyo. Sikulisema kwenye kundi kwa sababu kule watu wanangoja kucheka. Hapo ndipo nilipokukosea."

Ng'ombe alilia zizini, Mzee Primus hakugeuka.

"Ezra alitaka kukikata kipande hicho," akasema. "Nilimwambia akikikata, mimi navua shuka. Ule mgomba aliupanda mama yake Zita alipokuwa akiugua. Ule ni mkungu wake wa kwanza." Akajifuta macho kwa kiganja. "Wameitazama watu wengi. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilisimama."

Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Kisha akamrudishia Valerian lile jani. Nikajua tumekataliwa.

"Hili lirudishe kwenye ua wangu," akasema. "Jumapili ijayo uje na la kwenu. Na uje na wazee."

Mdogo wangu, mtu anayebashiri mwisho wa filamu yoyote dakika kumi baada ya kuanza, akamkodolea macho.

"Wazee wa nini, baba?"

Zita akaweka sinia chini. Mzee akanitazama mimi kwanza, kwa huruma, kisha akamgeukia Valerian.

"Kwani huko kwenye filamu zako hakuna anayeposa?"