Mkate wa Nadhiri Kisiwani

Popote ninaponusa ubani, hunijia kwanza ule msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, uliohamwa na watu zamani za kale, na mkate wenye harufu ya iliki. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na shule ilikuwa imekwisha anza kunichosha.

Shangazi yangu Mwanahawa alikuwa amezika watoto wawili wachanga. Mimba ya tatu ilipotimiza miezi saba, alipika mkate wa kumimina, akanichukua tukavuka kwa mtumbwi kwenda kuweka nadhiri msikitini humo. Njia nzima nilimuuliza: nani aliujenga, kwa nini paa limeanguka, na popo nao wanaswali?

"Mdomo wako ungekuwa kasia," alisema, "tungekuwa tumeshafika."

Tulivua makubadhi mlangoni, ingawa nusu ya paa ilikuwa mbingu tupu. Nguzo za mawe zilisimama safu kwa safu. Juu ya ukuta, kwenye chokaa, niliona alama za vidole vya fundi, nikatamani kuingiza vyangu humo. Shangazi alifukiza ubani, akauweka mkate penye kibla, akaomba kwa sauti ndogo. Kisha akaninong'oneza:

"Twende. Na ole wako ugeuke nyuma. Anayegeuka huivunja nadhiri."

Nawaambieni kweli, nilivumilia hatua kama kumi. Nilitaka kujua nani anakuja kuula ule mkate. Nikageuka. Alikuwa mbuzi.

Miezi miwili iliyofuata mchezo haukuninogea. Kila shangazi aliposhika kiuno akaguna, nilijiona nimemuua mtoto wake. Siku kichanga kilipolia chumbani, nililia kukishinda, nikaingia nikakiri yote.

Shangazi alicheka mpaka mkunga akamkemea.

"Hata mimi niligeuka," akasema. "Ningeachaje? Nimeomba, sijui kama kuna anayesikia. Nikamwona yule mbuzi, nikasema, haya, angalau kuna aliyekuja."

Nilicheka naye bila kuelewa. Baadaye niliacha shule, nikazurura pwani hii yote, na sijapita gofu la msikiti bila kuingia: Songo Mnara, Sanje ya Kati, Kaole. Mkienda, mtaonyeshwa nguzo na kuba, na zinastahili kutazamwa. Mimi huinama kwanza kutafuta majivu ya ubani ya juzi. Utotoni nilidhani mwenye maswali ni mimi, na shangazi ana imani tu. Kumbe yeye alikuwa na swali moja, zito kuliko yangu yote, na alivuka nalo maji bila kumwambia mtu.