Bwana Nyama wa Ziwa Katavi

Kiangazi, Ziwa Katavi likishabaki tope na viboko, bwana nyama wa hifadhi alikuwa akivua buti, anazining'iniza shingoni, kisha anagonga ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua, kupima tope. Machibya, mchungaji wa ng'ombe, alimwogopa kama simba, hadi mwaka tisini na nne, mtamba wake mwenye mimba alipopotelea humo akazama hadi tumboni. Bwana nyama alipomkuta hapo, Machibya alijua leo atalala ndani, mahabusu, kwa kuchunga hifadhini. Lakini bwana nyama akauliza taratibu, "Anaitwa nani?"

"Madoa, mzee."

Bwana nyama akaingia topeni na kamba, akimbembeleza kwa jina mpaka ng'ombe akatoka. "Mrudishe nyumbani. Na nyie wachungaji msije huku tena."

Masika Madoa alizaa dume. Kwa kuwa Machibya hakukumbuka kuuliza jina la mtu yule, ndama akaitwa Bwana Nyama.