Akika ya Ashlin

Darsait, mtaa wa Maskati, ina watu wa kila namna, lakini kwa familia zilizotoka Unguja mtoto hapati jina mpaka Bi Mastura aulize swali lake: "Na maana yake?" Si shekhe wala si mwalimu. Ni mjane aliyepiga chapa wizarani mpaka akastaafu, aliyeletwa Maskati angali msichana mdogo, na kazi hiyo ya majina alijipa mwenyewe bila ya kuombwa na mtu. Ukimwambia umechagua jina kwa kuwa umelisikia kwenye televisheni, atakukodolea macho mpaka ulibadilishe. "Jina ndiyo nguo ya mwanzo," husema. "Mtoto havishwi tambara." Watu walimcheka pembeni, na mbele yake wakatii.

Basi Mungu akamletea mkwe asiyejua kutii. Hisham, mtoto wake pekee aliyebaki, alikwenda kusoma Ayalandi akarudi na mke aitwaye Ciara, jina ambalo wenyewe hulitamka Kira. Bi Mastura hakumwuliza habari za safari. Alimwuliza maana.

"Mweusi," Ciara alijibu.

Bi Mastura akautazama ule uso mweupe uliojaa madoa ya jua, akacheka mpaka kanga ikamporomoka begani. Tangu siku ile walipendana, na hilo ndilo linalouma katika habari hii.

Kila Ijumaa Ciara na mumewe walitoka kwenye fleti yao Khuwair ya Kusini wakaja kula Darsait, na Kiswahili Ciara alikiokota jikoni kwa mama mkwe. Alipopata mimba na daktari akasema ni mtoto wa kike, mchezo ukaanza. Ciara alitoa majina ya kale ya Kikelti, moja baada ya moja, na Bi Mastura akayapima.

"Meev," alisema Ciara, mbuzi ya nazi chini yake. "Maana yake, anayelevya."

"Astaghfirullah! Mjukuu wangu awe pombe?"

"Finula. Mabega meupe."

"Na mwili uliobaki?"

"Brona. Huzuni."

"Lo! Nani atamwita mwanawe huzuni?"

"Mama, nyinyi mna akina Tabu na Shida. Na bibi yako si alikuwa Siwatu?"

Bi Mastura akakubali, maana kweli ilikuwa hiyo. Bibi yake aliitwa Siwatu kwa kuwa waliomtangulia wote walikufa, na jina baya ndilo lililomkinga. Walicheka wote wawili, nazi ikasahauliwa.

Ijumaa moja Ciara hakuja na mzaha. "Nimeshalipata," alisema. "Ashlin. Bibi yangu aliyenilea aliitwa hivyo. Maana yake ndoto."

Bi Mastura akatikisa kichwa. "Ndoto sitaki. Mtu huamka, ndoto ikapotea. Mwite Aliya."

Aliya alikuwa dada yake Hisham, aliyekufa kwa homa kabla hajaanza skuli. Ciara alilijua hilo, ndiyo maana alijibu polepole.

"Mama, Aliya ni wako. Huyu ni wangu."

Mchezo uliishia hapo.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mdogo wa kutia khofu, akalazwa hospitali ndani ya kisanduku cha kioo. Ciara alimwita Ashlin kupitia kile kioo mchana kutwa. Bi Mastura naye alikuja kila siku, akasoma dua, akapuliza, lakini jina hakulitaja. Hisham akamvuta ukumbini.

"Mama, mwite tu. Mara moja, Ciara akusikie."

"Siku ya saba," alisema Bi Mastura. "Tutamchinjia akika, atapewa jina, na hapo inshallah tutasikilizana. Nna haki ya kungoja, au sina?"

Usimwamini. Si ada iliyomfunga mdomo. Alikuwa akingoja wachoke, amrudishe Aliya wake duniani, naye aliona wiki moja si kitu.

Mtoto hakuifikia siku ya saba. Hisham alimbeba mikononi mwake, wanaume wakaenda kumzika, na juu ya kaburi yakawekwa mawe matupu kama yanavyowekwa kwa kila mtu. Aliporudi, Ciara akamwuliza jina limeandikwaje. Hisham akamweleza kwamba makaburi ya kwao hayaandikwi jina.

"Basi jina lake litakuwa wapi?" aliuliza Ciara.



Wanawake walijaa matangani nyumbani kwa Bi Mastura. Ciara aliketi ukutani na mtandio wake, kifua kimelowa maziwa ya mtoto asiyekuwapo. Jirani yao, Bi Shatha, akauliza kwa wema tu: "Mastura, marehemu akiitwa nani?"

Ciara akainua macho. Bi Mastura aliyaona, na akajua yanaomba nini. Lakini ukaidi ni maradhi, na mwenye nayo huwa wa mwisho kujua.

"Hatukuwahi kumpa jina," alisema.

Ciara akainuka akatoka. Kiswahili kile alikuwa amefundishwa mle mle ndani, akakielewa chote.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Bi Mastura mjukuu alikwenda na majuto yakabaki. Siku chache baada ya matanga alichukua teksi mpaka Khuwair ya Kusini, neno analo mdomoni, akamkuta Hisham peke yake anakunja nguo ndogo ndogo.

"Amesafiri, Mama. Amekwenda kwao."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

Alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa.

Ndipo akanunua mbuzi. Wapo waliomwambia kwamba mtoto aliyekwisha zikwa hachinjiwi. Hakuwauliza. Alipika pilau mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akapita nyumba kwa nyumba na sahani zilizofunikwa, magoti yakimuuma kwenye ngazi za Darsait. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Shatha.

"Ya nini hii, Mastura?"

"Akika."

"Ya nani tena?"

"Ashlin binti Hisham."

Wana wa Bi Shatha wote walipita kwenye swali la Bi Mastura, mmoja mmoja, na sasa swali lilimtoka bila ya kukusudia.

"Na maana yake?"

"Ndoto," alisema Bi Mastura. Alitaka kuongeza kwamba ni jina zuri, kwamba ni la bibi yake Ciara, lakini akamnyooshea sahani tu.

Bi Shatha akaipokea sahani, akalirudia jina taratibu ili asilikosee. "Ashlin."

"Sema tena," Bi Mastura alimwambia. Akasimama pale mlangoni analia, kwa kuwa aliyestahiki kusikia hakuwapo.